Siku moja maishani mwangu: kesi inayokwenda kwa saa ya maji

Saa 11 alfajiri

Kabla ya kuswali nachungulia dirishani. Mwezi umejaa, umeshaelemea upande wa bara. Leo ni mwezi kumi na tano, maana yake bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu: yamejaa tangu saa 10 na nusu, na yatakupwa mpaka saa 4 na nusu asubuhi. Ratiba yangu yote ya leo ni hiyo. Wakili wetu wa Nairobi aliniandikia juzi kwamba nianze mahojiano saa 3 kamili. Nikamjibu, wakili, saa 3 kina mama wa Siyu, huko kisiwani Pate, wote wako pwani wanachokoa pweza, utamhoji nani? Paka?

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Amu, yaani mji wa Lamu. Shahada ya sheria sina. Nilipitia mafunzo, nikakaa chini ya mawakili, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inatutambua watu wa namna yangu. Nakaa katikati: huku mawakili, huku jamii za Lamu, yaani Waswahili wa visiwani, Wabajuni, Waaweer, Wasanye na Waorma.

Saa 12 asubuhi

Jetini. Mahamri mawili kwenye gazeti, chai ya rangi kwenye thamosi. Mkobani nina fomu, kisahani cha wino wa dole gumba, na ramani iliyochapwa kutoka picha ya setilaiti. Nahodha anapiga kelele watu wapande upesi, kwa kuwa maji yakizidi kutoka, kupita Mkandani, ule mlango mwembamba wa bahari, ni taabu.

Mara tu unapotoka Mkandani, upande wa Kililana zinaonekana kreni za bandari. Mradi ulizinduliwa Machi 2012, na mwaka huohuo watu wa hapa wakaenda mahakamani. Hukumu ilitoka Malindi tarehe 30 Aprili 2018: serikali ilikuwa imevunja haki ya mazingira safi na yenye afya, haki ya kupewa habari, na haki ya utamaduni, wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza likafunguliwa 2021. Kushinda tulishinda. Lakini tangu siku ile swali ninaloulizwa zaidi kwenye boti si la kifungu cha katiba. Ni: "Za kwangu zi wapi?"

Saa 2

Nashuka Mtangawanda, kisha bodaboda hadi Siyu. Nakaribishwa kahawa kwenye baraza ya mzee mmoja aliyevua kwa madema, ile mitego ya kusuka, na nyavu tangu ujana wake. Nitamwita Mzee tu. Kaniona kwa mbali akasema, "Ndoo, mwanangu, ndoo," yaani njoo, na dakika 20 za mwanzo tukaulizana hali za watu wote tunaowajua, walio hai na waliotangulia. Wageni hudhani hapo kazi haijaanza.

Rasimu ya taarifa yake ya kiapo, kuhusu hasara aliyoipata baharini kwa sababu ya bandari, ninayo tayari. Wakili aliiandika kwa Kiingereza, kwa sababu ndiyo lugha ya mahakama zile za juu, ingawa Kiswahili ni lugha rasmi kwenye katiba. Kwa hiyo mimi naisoma sentensi kwa sentensi kwa Kiswahili, naye anakubali au anakataa, kisha ndipo hati inaandikwa kwamba amesomewa na ameelewa. Hapa sifanyi haraka. Nimeona hati ya kiapo ikichanwachanwa na wakili wa upande wa pili kwa sababu shahidi hakuijua sentensi yake mwenyewe.

Aya ya 4, anakubali. Aya ya 5, walipochimba bahari maji yaligeuka matope na madema yakatoka na udongo, anakubali, anaongeza kwamba harufu nayo iandikwe. Aya ya 7 akaniinulia mkono.

"Hapo umesema nini?"

"Kwamba kipato chako kimepungua."

"Mimi sina kipato. Nina riziki."

Nikadhani ni ubishi wa kizee. Akanieleza. Samaki akiingia pwani, wa kwanza ni kitoweo cha nyumbani. Wa pili ni wa jirani mjane. Wa tatu ni wa aliyekuazima nyavu. Kinachobaki ndicho kinachokwenda kwa tajiri mwenye barafu, na hicho ndicho kilichoandikwa kwenye daftari. "Wakili wako ameandika lile la mwisho tu," akasema. "Sasa nikilipwa, nitalipwa la mwisho tu."

Nimefanya kazi hii miaka mingi na sikuwahi kuliwaza hilo. Hesabu za fidia huanzia kwenye kilo zilizouzwa, na samaki aliyeliwa hana risiti.

Saa 4 na nusu

Maji makavu. Namtandikia ile ramani, anaigeuza mara mbili. Haina jina hata moja la baharini. Yote yaliyoandikwa ni ya nchi kavu. Anaweka kidole: hapa fungu, hapa mwamba, hapa mlango wa changu. Majina 11 ninayaandika kwa penseli. Namuuliza umbali kwa kilomita, ananitazama kwa huruma. "Ukiuona mnara wa msikiti umekaa juu ya mikoko mirefu, ushafika."

Saa 7 mchana

Wali wa nazi na samaki. Kisha kina mama wanaingia, nguo zimelowa magotini, ndoo za pweza mlangoni. Hawa hawapo kwenye daftari lolote la wavuvi, maana mvuvi kwa mwenye daftari ni mwenye chombo.

Wao lao kubwa ni makaa ya mawe. Je, yatarudi? Nawaeleza ninavyoweza: mtambo wa megawati 1,050 ulipangwa kujengwa Kwasasi, watu wakakata rufaa, na tarehe 26 Juni 2019 baraza la mazingira likafuta leseni. Sababu kubwa ilikuwa kwamba watu hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilitangulia ripoti, na ripoti ilipotoka haikurudishwa kwao wakaijadili. Mama mmoja anauliza, basi inabidi tuugue kwanza ndipo tushtaki? Hapana. Kifungu cha 70 cha katiba kinasema wazi kwamba anayelalamikia mazingira halazimiki kuonyesha kuna aliyekwisha kuumia. Nikarudia mara mbili, wakaandika mkononi kwa hina ya kalamu, wakicheka.

Mwingine anataja Owino Uhuru kule Mombasa, walikopata sumu ya risasi kutoka kiwanda cha betri kuukuu. Amefuatilia kuliko mimi: hukumu ya bilioni 1.3 mwaka 2020, ikatenguliwa kwenye rufaa, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. "Watoto wa mwanzo wa kesi ile sasa ni watu wazima," anasema. Mikutano ya hotelini yenye posho na kalamu za bure haijawahi kunipa mjadala kama huu.

Saa 10 alasiri

Boti ya kurudi, maji yanajaa. Mzee anakuja nami, kwa sababu kiapo lazima kiapwe mbele ya kamishna wa viapo, na wakili wa kesi yenyewe haruhusiwi kuwa ndiye kamishna. Huko kwao hakuna. Basi mtu wa umri wake avuke bahari kwenda kuweka dole gumba. Tukipita mbele ya kreni anazitazama, kisha anarudi kuangalia maji. Hakusema kitu. Nami sikumuuliza.

Saa 1 usiku

Simu ya kijana wa Kiaweer ninayeshirikiana naye upande wa bara. Mtandao unakatika. Jamii yake ilikuwa ya wawindaji na warina asali. Uwindaji ulipigwa marufuku 1977, na sasa wanatafuta kusajili ardhi yao chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Leo ana jambo jingine: mjamzito amesafirishwa kwa pikipiki kutafuta hospitali. Amefika salama, anasema, tutazungumza fomu kesho.

Saa 3 usiku

Namtumia wakili aya ya 7 mpya. Anajibu kwa ujumbe wa sauti: hoja nzuri sana, lakini jaji atataka namba. Kitoweo ni samaki wangapi kwa siku?

Nampigia Mzee, yuko kwa binti yake mtaa wa Langoni, hapa Amu. Anafikiri. "Inategemea nani amebisha hodi," anasema, kisha ananihurumia: "Andika watatu. Kaskazi andika watano."

Nimeandika. Kesho kwa kamishna saa 3. Maji yatachelewa kama dakika 50, kwa hiyo akitaka kurudi Siyu siku hiyohiyo, boti ni saa 11 kasoro jioni.