Maji ya bondeni

Jumapili, baada ya magharibi.

Mtoto wa kaka yangu anakojoa damu. Wifi amenieleza leo jikoni huku anakuna nazi, sauti kaishusha, kwa sababu kijana keshafika darasa la tano na hataki asemwe. Mwenyewe alinyamaza, akiogopa kupigwa. Mama yake ndiye aliyeliona doa kwenye suruali ya skuli. Akaenda kuifua mtoni.

Kichocho. Hapa Pemba nani asiyelijua jina hilo? Tumekua nalo, na nadhani ndiyo maana hatushtuki tena. Mimi leo nimeshtuka.

Alasiri niliteremka bondeni. Mvua zimekatika, maji yamepungua, na pale chini ya daraja yamesimama kabisa. Kwenye mizizi pamenasa nepi, chupa za soda na vipande vya mifuko ya plastiki, mifuko ambayo Zanzibar imeipiga marufuku tangu 2006. Taka hizo kila mtu anazilalamikia, na ana haki. Lakini nilipogeuza jani la yungiyungi niliwakuta konokono wamegandana chini yake, wadogo kama kucha ya kidole cha mwisho, na hao hakuna anayewalalamikia.

Mtu mwenye kichocho akikojoa mtoni, mayai yaliyomo kwenye mkojo huanguliwa majini. Vijidudu vinavyotoka humtafuta konokono, vikaingia ndani yake na kuzaliana. Baada ya wiki kadhaa konokono huanza kutoa vijidudu vyengine, mamia kwa siku, na hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali. Si lazima mtu ayanywe maji hayo. Akitia miguu tu, vinapenya kwenye ngozi, na mwilini vinakuwa minyoo inayotaga mayai. Na mchana wa jua kali ndio wakati watoto wametoka skuli, wametupa mabegi kwenye majani na wanapiga mbizi.

Niliwakuta kina mama wanafua. Nikamwamkia bibi mmoja wa mtaani kwetu, nikamwambia habari ya konokono. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Najua, mwanangu. Lakini bomba linatoka usiku wa manane, na likitoka napata ndoo mbili. Za kunywa na kupikia. Nguo nikafue wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Anazo nguo za wajukuu, na wapo wengi.

Dawa ipo, hilo tushukuru. Watoto wanasimamishwa kwenye kipimo cha urefu, wanahesabiwa vidonge vya prazikwanteli, wanameza. Vinaua minyoo iliyomo mwilini, ila havimkingi mtu asiambukizwe tena, na jioni ile ile mtoto anarudi kwenye maji yale yale. Kati ya 2012 na 2017 ulifanywa utafiti mkubwa Unguja na Pemba: kwengine dawa peke yake, kwengine dawa pamoja na kuua konokono, kwengine dawa pamoja na kuwaelimisha watoto. Ugonjwa ulipungua sana kote. Haukwisha. Umebakia hasa kwenye vijiji kama chetu, vilivyokaa karibu na mito na madimbwi.

Wanaoniuma zaidi ni wasichana. Mayai haya hukwama pia kwenye sehemu za uzazi, yakaleta maumivu na kutokwa na damu. Mwanamke akilisema jambo hilo watu wanamdhania maradhi ya zinaa, basi hasemi. Anaugua na heshima yake imeshikwa rehani, kwa maji aliyokwenda kuchota kwa ajili ya nyumba nzima.

Chuoni, kwenye mlango wa twahara, ustadhi alitufundisha kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kukojoa kwenye maji yaliyotuama. Natamani watoto wafundishwe hadithi hiyo pale pale bondeni, waonyeshwe na konokono. Hata hivyo, kuwakemea pekee hakutoshi. Mtoto akiingia kwenye maji ya baridi mkojo unambana, na choo kiko juu kule mtaani. Na wanaopalilia mpunga je, wanaoshinda wamesimama kwenye maji tangu asubuhi? Bonde lote lile halina choo hata kimoja. Tunawaambia watu wasikojoe mtoni, lakini hatujawapa pahala pa kukojoa.

Kesho nitampeleka kijana kituo cha afya mimi mwenyewe, maana kwa shangazi yake anasema. Nimemwahidi kuwa hapigwi mtu. Na Jumatano kuna kikao kwa sheha. Nitaomba choo kijengwe kwenye njia ya kuteremkia mpungani, mbali na maji, na sakafu ya saruji ya kufulia yenye bomba linalotoka mchana. Yule bibi nimemwomba tufuatane. Kasema atakuja, na atawaambia mwenyewe habari ya ndoo zake mbili.