Majivu ya Shangazi

Jirani anachoma korosho. Moshi umeingia mpaka sebuleni, na binti yangu anauliza kwa nini ganda linawaka kama limemwagiwa mafuta ya taa. Kabla sijamjibu nikajikuta niko Tandahimba kwa shangazi, likizo ile niliyorudi na tisa kwa arobaini ya jaribio la kemia ya oganiki, ile ya misombo ya kaboni.

Swali lililoniangusha lilikuwa la propeni na hidrojeni bromidi. Jibu nililikariri, 2-bromopropani, nikaliandika. Kumbe alama zilikuwa kwenye mishale inayoonyesha hatua za mmenyuko. Mimi nilichora mshale kutoka kwenye H, yaani hidrojeni, kwenda kwenye bondi mbili, ile bondi maradufu inayounganisha kaboni za propeni, kwa kuwa akilini mwangu hidrojeni ndiyo iliyokuwa safarini. Mshale haufuati atomu, unafuata elektroni: unaanzia kwenye bondi mbili, ziliko elektroni, unaishia kwenye H. Hidrojeni inakaa kwenye kaboni ya pembeni, chaji chanya inabaki kwenye ile ya katikati, ambayo ina kaboni mbili za kuisaidia kuibeba, ndipo bromidi inakuja na jozi yake ya elektroni. Ukigeuza mshale wa kwanza, vyote vinavyofuata ni uongo. Na sisi tulikesha tukikariri majina marefu!

Shangazi hakuniuliza matokeo. Alinisogezea majivu. "Paka mpaka katikati ya vidole, mwanangu." Kwenye kipande cha pipa korosho zilikuwa zinatema mafuta na kushika moto; akazimwaga chini, akazifukia kwa mchanga, moto ukafa na mchanga ukanyonya mafuta. Nilibangua kumi na kitu, majivu nikayaona yananichelewesha, nikanawa. Jioni gumba lilikuwa jeusi. Siku ya tatu ngozi ikaanza kubanduka pembeni ya ukucha, kipande kimoja kikavu kama ganda la kitunguu, na chini yake nyama ya waridi isiyotaka hata upepo.

Usiku nikafungua kitabu. Asidi ya anakadiki, iliyomo kwenye mafuta yale: pete ya benzini yenye OH na COOH, na mkia wa kaboni 15. Ukiichemsha vya kutosha inapoteza kabonidayoksaidi. Moto wa haraka wa shangazi hauimalizi. Majivu yana kabonati, nayo ni besi, yaani huichukua H ya asidi. Nikashika kalamu kwa vidole viwili, maana gumba lilikuwa haliguswi, nikachora mshale kutoka kwenye oksijeni ya kabonati kwenda kwenye H ya asidi. Nikauangalia. Ulikuwa umeanzia panapostahili, wala sikuwa nimeukariri.

Jaribio lililofuata nilipata ishirini na moja. Siwezi kuapa kwamba ni korosho. Nilikuwa pia nimechora mishale daftari zima.

Binti hakungoja jibu. Yuko kwa jirani, anabangua, na kwa ninavyoona kutoka dirishani, mikono yake haina majivu.