Fulusi wa Ami na Picha Zisizo na Mahali

Mwaka 2019 nilikuwa nimeajiriwa Nairobi na mfuko mdogo wa uwekezaji, wa ile aina inayotia pesa kwenye kampuni changa, ikachukua kipande cha hisa, kisha ikangoja miaka saba, minane, mpaka kampuni inunuliwe au iingie soko la hisa. Wakubwa wetu walikuwa wamejielekeza kwenye kampuni zinazofundisha kompyuta kuona, na kazi yangu ilikuwa kuzichunguza kabla pesa hazijatoka. Siku lilipoletwa mezani ombi la kijana wa Matondoni, aliyetengeneza programu ya kutambua samaki kwa kamera ya simu, niliinua mkono kabla sijafungua ukurasa wa pili. Mimi ni mtu wa Amu, yaani Lamu, na ami yangu ana mashua. Wangemtuma nani mwingine?

Mkubwa wangu akasema na yeye anakuja.

Wakati ule homa ya mambo haya ilikuwa imepanda. Yeye alikuwa na mifano yake aliyoizoea na hakuchoka kuitaja: Instagram ilinunuliwa mwaka 2012 kwa dola bilioni 1 ikiwa na wafanyakazi 13. Mwaka uleule AlexNet, modeli ya kompyuta ya kutambua picha, ikashinda ImageNet, shindano la kutambua vitu pichani, kwa makosa ya asilimia 15.3, ilhali aliyeifuata alikuwa na 26.2. Mwaka 2017 Intel ikainunua Mobileye ya Jerusalem, inayoyatengenezea magari macho, kwa dola bilioni 15.3. Hiyo 15.3 iliyojitokeza mara mbili aliipenda mno, kama kwamba ni ishara. Mimi niliona ni sadfa tu, nikanyamaza, maana ndiye aliyetia sahihi barua yangu ya kazi.

Ila nimpe haki yake, hakuwa mtu wa kubabaishwa. Alijua kuwa baada ya AlexNet mbinu zilichapishwa wazi, na zana kama TensorFlow, ambayo Google iliitoa bure mwaka 2015, zikamwezesha mwanafunzi yeyote kujenga modeli ya kutambua picha akiwa chumbani kwake. Kwa hiyo hakuna aliyemshtua kwa kumwambia ana akili bandia. Swali lake la kwanza lilikuwa lilelile kila mara: picha zako umezipata wapi, na kwa nini mwingine hawezi kuzipata?

Akataka kulijibu swali hilo baharini.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, kaskazi ikivuma kwa adabu, Ami kwenye usukani, kijana ameukumbatia ubao wake uliochorwa miraba myeusi na myeupe. Mkubwa wangu alivaa kofia pana akakaa juu ya sanduku la barafu, mahali ambapo hakuna baharia angemkalisha mgeni, lakini Ami hakusema neno. Tulipotoka nje ya Shela tukaanza kurambaza, na haikuchukua muda mshipi ukavutwa. Alikuwa fulusi.

Asiyewahi kumuona fulusi akitoka majini hawezi kujua kisa hiki kilisimama juu ya nini. Huja juu akiwa dhahabu ubavuni na kijani mgongoni, ametapakaa vidoa vya buluu, unadhani ametiwa rangi jana. Akishapigwa rungu, rangi zinaanza kumkimbia hapo hapo mbele yako. Dhahabu inafifia, kijani kinakuwa kama maji ya kufulia, na hata hujamaliza kutega mshipi upya, amelala pale wa kijivu kabisa.

Mkubwa wangu alikuwa amepakua programu nyingine ya bure kutoka ng'ambo. Akampiga fulusi picha akingali anarukaruka: ikamtambua mara moja. Tukaendelea na safari. Jua lilipopanda akampiga tena, na sasa programu ikasema ni kolekole. Alipogeuza simu kidogo, ikasema kitu kingine. Hilo halikunishangaza. Ikiwa ilifundishwa kwa picha za mtandaoni, basi imewaona fulusi wengi mikononi mwa watalii wanaovua kwa mchezo, wamenyanyuliwa wakiwa wangali na rangi zao zote.

Kijana akamlaza samaki yuleyule kwenye ubao na kuelekeza simu yake. Fulusi, ikaandika, na chini yake urefu na makisio ya uzito. Programu inajua upana wa kila mraba, kwa hiyo inapima samaki kwa kuulinganisha urefu wake na miraba, na uzito unafuata: urefu ukizidi mara mbili, uzito huzidi karibu mara nane. Ami akamtundika kwenye mizani yake ya ndoano. Tofauti ilikuwa ndogo, ya kiasi ambacho mchuuzi hagombani nacho.

"Wa jana je?" akauliza Ami, maana alikuwa na tewa wa jana chini ya barafu. Akatambuliwa na yeye, macho yamekwisha kuingia ukungu. Kijana alikuwa na picha za samaki wa kila saa: waliotoka majini sasa hivi, waliolala, waliokunjika ndani ya sanduku, waliopigwa na jua, na nyingi zilipigwa na manahodha wenyewe vyomboni. Mkubwa wangu alinitazama, nikajua swali lake la kwanza limejibiwa.

Si kwamba programu haikuwa na kasoro. Tulipotia nanga kwenye mwamba na changu wakaanza kujaa kapuni, ilihesabu wale wa juu tu. Ami akachungulia kioo cha simu, akauliza, "Na walioko chini?" Kijana akacheka akasema hao bado.

Mambo yalikwama alasiri, kwenye baraza ya Ami kule Langoni, kahawa ikizunguka. Mkubwa wangu alikuwa ameomba kuziona picha zenyewe na taarifa zinazofichwa ndani yake. Kila picha ilikuwa na saa, aina ya samaki na urefu. Mahali ilipopigwa hapakuwepo. Akaniambia nimuulize kijana kwa nini simu zake hazikuandika mahali.

"Ziliandika, kaka. Mimi nimepafuta. Ningepaacha, nisingepewa picha hata moja."

Nilipolitafsiri hilo, mkubwa wangu aliweka kikombe chini. Kwake yeye, pale ndipo palipokuwa na mali. Samaki wa kwenda Ulaya wanadaiwa cheti cha uvuvi tangu mwaka 2010. Mnunuzi anataka kujua samaki katoka wapi, na ramani ya miamba yenye samaki ni kitu cha kuuzwa mara nyingi. Akaongeza hoja ambayo hata mimi ilinigusa. Mwaka uliotangulia Mahakama Kuu ya Malindi ilikuwa imeamuru wavuvi wapatao 4,600 wafidiwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi wa bandari ya Lamu. Je, mvuvi mwenye picha za miaka mitano, kila moja na mahali pake, si angekuwa na ushahidi mkononi?

Ami alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwamba ule wa asubuhi nilionyeshwa na baba. Mnara wa Shela na vilima vya mchanga, vikikaa anavyojua yeye, unatia nanga. Haukuandikwa popote, uko katika mato yangu. Hilo la ushahidi ni kweli, sikatai. Basi ushahidi ukae kwangu. Kwa nini ukae kwake?"

Nikatafsiri. Mkubwa wangu hakujibu, na sidhani kama alikuwa na jibu ambalo lingeingia kwenye mkataba wa hisa.

Njiani kurudi alinifanyia hesabu niliyokwisha kuijua. Mfuko ulikuwa wa dola milioni 40. Kwa kuwa kampuni nyingi hufa, kila inayoingizwa lazima iwe na uwezo wa kuurudisha mfuko mzima peke yake. Tukishika asilimia 10 mwishoni, kampuni iuzwe kwa dola milioni 400. Kata senti zako kwa kila kilo ya samaki anayeshushwa kutoka Kiunga hadi Vanga, hufiki. Kwa ramani, pengine. Bila ramani, hapana. Hesabu yake ilikuwa sahihi na sikubishana nayo. Lakini kwenye ripoti niliandika kuwa alichoita pengo ndicho kilicholeta picha zote, na kwamba mwenye kuirudisha ramani ataamka bila picha na bila manahodha. Ilisomwa kikaoni. Pesa hazikutoka.

Aliyempigia kijana simu kumweleza ni mimi. Alishukuru, akaniulizia hali ya nyumbani, akasema ameanza kufundisha programu kuhesabu kapu likimwagwa juu ya turubai. Kisha akaomba kitu kimoja: mkubwa wako alipiga picha kule mwambani kwa simu yake mwenyewe, na simu yake huandika mahali. Azifute, tafadhali.

Nilikwenda mezani pake siku ileile. Alicheka kwanza, halafu akaona sicheki. Akazifuta moja moja huku nikiangalia, changu, tewa, Ami na nanga, akaingia na kwenye kapu la takataka la simu akalisafisha na lenyewe. Aliomba abakishe moja tu, ile aliyopigwa gatini ameshika fulusi wa kijivu. Nikamwambia hiyo haina neno.