Siku Moja Maishani Mwangu: Mkunga, Njiti na Mfuko wa Plastiki

Saa 1:30 asubuhi nilipokea zamu, nikahesabu dawa, nikaibana ambu, kile kifaa cha mkono cha kumpulizia mtoto hewa, kiganjani kuhakikisha inapuliza, na kuweka mezani barakoa yake ndogo, namba 0. Hadi saa 4 walikuwa wamezaliwa watoto watatu waliotimiza miezi, nao walilia bila kuhimizwa.

Saa 4:20 aliletwa mama mwenye ujauzito wa wiki 28, njia ikiwa imefunguka sentimita 8. Daktari aliagiza sindano ya deksamethasoni ya kukomaza mapafu ya mtoto, ingawa sote tuliona kwamba isingepata muda wa kufanya kazi. Nilifunga madirisha na kuzima feni, kwa kuwa njiti anahitaji chumba chenye nyuzijoto 25 au zaidi, hata kama sisi tunatota jasho.

Saa 4:50 alizaliwa binti, mlegevu na kimya. Mtoto aliyetimiza miezi ningemkausha kwa kumsugua. Huyu, mwenye ngozi nyembamba kama ya kitunguu, nilimtia na majimaji yake ndani ya mfuko safi wa plastiki hadi shingoni, nikamvika kofia. Ile dakika ya kwanza tunaiita Dakika ya Dhahabu: ikiisha, mtoto awe anapumua au tuwe tunampulizia. Nilipuliza, kifua hakikupanda. Nilikiweka kichwa sawa, nikaikaza barakoa, nikapuliza tena, na safari hii kikainuka kidogo sana. Watu hudhani kazi hii ni ya nguvu, kumbe ni ya vidole viwili, maana ukibana kwa kiganja kizima waweza kuyapasua mapafu yake. Bana, mbili, tatu. Bana, mbili, tatu. Mwenzangu, aliyeshika kitovu, alisema mapigo ni 80. Bana, mbili, tatu. Sijui nilihesabu mara ngapi kabla hajasema 120, na mtoto akakoroma kama paka mchanga. Mizani ilisema gramu 1,050.

Tulipokuwa tukimpeleka kwenye mashine ya mapovu, ile ya kumsaidia kupumua kwa mrija wa puani, bibi yake alitukinga mlangoni.

"Mwanangu, mbona mmemtia mjukuu wangu kwenye rambo kama samaki?"

Nilimweleza kwamba mfuko huo unazuia joto lisipotee. Akataka kujua kwa nini basi hatumwogeshi maji ya moto. Nikaeleza tena. Akaniuliza iwapo mifuko hiyo haikupigwa marufuku mwaka 2019, nikajibu kuwa iliyokatazwa ni ya kubebea bidhaa, si ya hospitali. Akampigia simu shemeji yake, akanipa simu, nikaeleza mara ya tatu. Nakiri kwamba sauti yangu haikuwa ya upole.

Mchana sikula. Alasiri, miguu ikiwa imevimba, nilimlaza mtoto kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, mrija ukiwa bado puani. Nilipogeuka kutafuta kitambaa cha kumfungia, bibi alikuwa ameshaivua khanga yake ya mabegani.

"Nionyeshe fundo, mwanangu."

Kwenye daftari la makabidhiano niliandika: anapumua mwenyewe kwa msaada wa mashine, joto 36.6.