Bela kuukuu: soma fundo kabla ya kushika spana

Bela ndogo ya zamani, mashine ya kufunga nyasi kuwa marobota, ikianza kuachia kamba, fundi wa kwanza atakwambia ubadilishe kifungio chote, yaani sehemu inayopiga fundo. Usikimbilie maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, Nairobi, na pesa. Okota kamba iliyofeli uitazame.

Fundo likiwa kwenye ncha moja tu ya kamba, nyingine ilichomoka mapema: kishikio kinachobana kamba kimelegea, au sindano inayoleta kamba haikuifikisha mahali pake. Ncha zikiwa na manyoya, kisu ni butu, au kishikio kimekaza mno kinaitafuna kamba. Fundo likiwa zuri ila kamba imekatika nyuma yake, springi ya kidomo, ndoano inayosuka fundo, imebana. Fundo linagoma kuchomoka huku robota likisonga. Geuza nati robo mzunguko, jaribu, ndipo uguse nyingine. Ukihama kutoka kamba ya katani kwenda ya plastiki, tarajia kurekebisha upya.

Majaribio ni ya mkono. Zima trekta, toa ufunguo, ngoja flaiwili, lile gurudumu zito la bela, isimame. Huzunguka muda mrefu baada ya PTO (shafti inayopeleka nguvu ya trekta kwenye bela) kukatwa. Fyatua mkono wa kupimia urefu wa robota, kisha zungusha flaiwili kwa mwelekeo wake wa kazi hadi sindano zipande na kushuka. Zipite kwenye nafasi za planja, kipande kinachoshindilia nyasi, bila kuguswa. Zikigusana, mpangilio wa muda umehama, na ukiwasha hivyo utanunua sindano.

Bolti ya flaiwili imewekwa ivunjike. Kutia bolti ngumu ili "isisumbue" ni kuhamishia uvunjikaji kwenye giaboksi. Inavunjika kila mara? Kagua visu vya planja: vinoe, na pengo kati ya kisu kinachosonga na kilichotulia liwe chini ya milimita 1. Kisu butu hung'oa nyasi badala ya kukata, na trekta huruka kila pigo.

Robota linalopinda kama ndizi kwa kawaida ni ulishaji usio sawa: mstari wa nyasi ni mwembamba, au vidole vya kusukuma havifiki ukingo wa mbali. PTO ibaki kwenye mizunguko 540 kwa dakika. Nyasi zikiwa nzito, punguza gia, si mafuta.

Nyasi za Boma Rhodes zifungwe kwenye unyevu wa asilimia 15 hadi 18. Juu ya 20 huota ukungu, na wenye farasi wa Karen, Nairobi, watazirudisha. Julai, Kiambu yenye mawingu, kabla ya saa tano asubuhi usifunge kitu.

Jioni toa robota la mwisho kwenye chumba cha bela. Likilala humo hunyonya unyevu na kutia kutu.