Kutoka Ardara Hadi Kildare: Kitambaa Kinachotibu

Kaunti ya Donegal haina reli, kwa hiyo kutoka Dublin nilisafiri kwa basi hadi Ardara, kaskazini-magharibi mwa Ireland. Nilifuata jambo moja: kuona sufu ikifumwa kwa mkono.

Fundi, mzee wa maneno machache, alikanyaga mbao za chini, nyuzi za mtande, zile za urefu, zikaachana, mshindio, uzi wa upana, ukapita kasi, kisha akauvuta ubao kuubana. Nilipoinamia kitambaa cha kijivu niliona vinundu vidogo vya sufu, vyekundu, vya manjano na vya buluu, vimetapakaa kama nyota. Ndivyo tweed ya Donegal, kitambaa kizito cha sufu, inavyojulikana. Zamani rangi zilichemshwa majumbani kwa mimea ya porini. Bodi iliyoundwa mwaka 1891 kuinua wilaya maskini za magharibi ndiyo iliyosaidia kazi hii iwe biashara.

Usiku, mama aliyenipangisha chumba alifungua kabati akanionyesha kipande cha kitambaa cheupe kilichochakaa. Wanakiita Brat Bríde, yaani joho la Brigid. Mkesha wa tarehe 1 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Brigid, huwekwa nje, kwani inaaminika kwamba mtakatifu hupita na kukibariki. Mwenye kuumwa kichwa hujifunga nacho. Ng'ombe akisumbuka kuzaa, hutandikwa mgongoni. Alikikunja taratibu, pembe kwa pembe, na mimi nikaona aibu hata kuomba kupiga picha. Kati ya 1937 na 1939 wanafunzi wa shule za msingi za Ireland waliandika kwenye madaftari tiba za namna hii walizosimuliwa na wazee wao. Kazi ile ni hazina kubwa. Laiti kila nchi ingewatuma watoto wake hivyo wazee wangali hai!

Kabla ya kurudi Dublin nilipitia Kildare, kwenye kisima cha Brigid. Mti wa hapo umejaa vitambaa. Desturi ni kuchana kipande cha nguo ya mgonjwa, kukichovya majini na kukifunga tawini. Inaaminika kwamba kinavyooza, ndivyo ugonjwa unavyopungua. Sasa wageni wengi hufunga tepe za nailoni, ambazo haziozi na hulikaba tawi. Iliniuma kuona hivyo. Ukienda, chukua pamba au sufu, tena iliyovaliwa na mgonjwa mwenyewe.