Pete Ndani ya Bitana

Jana jioni nilikuwa zamu kwenye duka la hisani ninakojitolea, linalouza vitu vilivyotolewa bure na watu ili fedha ziwasaidie wenye shida. Kazi yangu ni kuchambua mizigo: nafungua mfuko, nakung'uta nguo, napekua mifuko yake, kisha natenga zinazouzika na zilizochakaa. Nikafika kwenye koti jeusi la sufu, la kike, vifungo viwili vimeng'oka. Mfuko wa kulia ulikuwa mtupu, ila una tundu. Nilipolipindua ili nilikunje, vidole vikagusa kitu kigumu kule chini kwenye pindo. Nikafumua nyuzi chache za bitana, ikadondoka pete.

Ni ya dhahabu, imelika upande mmoja kama zinavyolika pete zilizovaliwa siku nyingi. Ndani zimechongwa herufi mbili na tarehe, ambazo sitazitaja hapa.

Mwenzangu wa zamu alifurahi sana. "Hiyo imeshatolewa," akasema, "itawafaa watu wengi." Sikumjibu, lakini usiku kucha neno hilo limenikosesha usingizi. Imeshatolewa na nani? Tunasema kutoa ni moyo. Basi moyo wa aliyeleta mzigo ule ulikuwa kwenye koti. Pete ilimponyoka, na huenda aliitafuta nyumba nzima, akainua magodoro, akafagia chini ya makabati, akalia, akakata tamaa. Mimi nimekiokota kitu chake, na kuokota hakunipi haki ya kukiita sadaka.

Najua si kila kisa kiko wazi hivi. Mwaka 2006, mjini Nashville, Marekani, mtu alinunua karatasi kuukuu kwenye duka la aina hii kwa dola 2.48. Kumbe ilikuwa mojawapo ya nakala za Azimio la Uhuru zilizochapwa mwaka 1823 kwa agizo la serikali, nakala 200 tu. Mwaka 2007 ikauzwa mnadani kwa dola 477,650. Aliyeitoa dukani alikuwa ameitundika gerejini kwake kwa miaka. Namhurumia, lakini siwezi kusema alidhulumiwa. Karatasi aliijua, aliiona kila siku, akaamua iondoke. Alichokosa kujua ni bei.

Kisa ninachokirudia zaidi kichwani ni cha California, mwaka 2015. Mwanamke aliyefiwa na mumewe alipeleka maboksi ya vifaa vya kielektroniki kwenye kampuni ya kurejeleza. Hakutaka risiti, hakuacha jina. Baadaye wafanyakazi walipofungua maboksi wakakuta kompyuta ya Apple I, ile iliyotoka mwaka 1976 na kutengenezwa kama 200 tu. Wakaiuza dola 200,000, kisha wakatangaza hadharani kwamba wanamtafuta mama yule wampe nusu, kwa kuwa hiyo ndiyo desturi yao na wanaowaletea vitu. Je, aliitoa au hakuitoa? Maboksi aliyatoa kwa hiari. Ila nafikiria siku zile za msiba, mtu anabeba vitu vya marehemu bila nguvu ya kuvitazama kimoja kimoja, anachotaka ni nafasi ya kupumua tu. Kumchukulia neno lake la siku hiyo kama mkataba kamili ni kumbana mtu akiwa ameinama. Wale wafanyakazi waliliona hilo, nami nawaheshimu mno.

Mwenzangu ana hoja, na sitaki kuipuuza. Kilichoingia dukani ni amana ya wenye shida; hatuna ruhusa ya kukigawa kwa huruma zetu. Ni kweli. England na Wales, sheria ya mashirika ya hisani ya mwaka 2011 imeligusa jambo hili: shirika likijiona lina wajibu wa kimaadili wa kurudisha mali, linaweza kuomba idhini ya tume inayoyasimamia. Kwa hiyo hata sheria inakubali kwamba dhamiri inaweza kudai kitu ambacho karatasi hazikidai. Lakini haikuachii uamue peke yako gizani, na hapo naikubali kabisa.

Anayeniumiza ni yule mchambuaji anayekijua kitu, akakifunika kwa nguo, akakinunua mwenyewe kwa bei ya takataka. Mnunuzi aliyebahatisha namwelewa. Huyu wa ndani amemnyima mtoaji nafasi ya kujua, akawanyima wahitaji fedha yao, vyote kwa kunyamaza tu.

Asubuhi nimemweleza msimamizi. Amekubali pete ikae kwenye bahasha yenye tarehe na saini zetu sote watatu, na koti lisiuzwe kwanza. Nimelikagua tena kwenye mwanga wa dirisha. Ndani ya ukosi kimeshonwa kipande cha kitambaa chenye namba ya dobi, wino umefifia lakini tarakimu nne zinasomeka. Nitaanza kuwaulizia madobi.